Paini za miaka minane, hazijapunguzwa hata mara moja: nianzie wapi? (Zombo)

BintiPaidha

Habari zenu wakubwa. Mimi niko Zombo, upande wa Paidha. Mume wangu alipanda paini mwaka 2017 kwenye ekari tano za ukoo, nafasi ya mita tatu kwa tatu. Baadaye akapata kazi ya malori njia ya Juba, shamba likabaki mikononi mwangu. Tulipogoa matawi mara moja tu, hadi pale mtu mrefu anapofikisha mkono. Tangu hapo hakuna mti uliokatwa.

Sasa ukiingia ndani ni giza saa sita mchana. Chini hakuna nyasi, ni sindano kavu tu. Miti imekwenda juu sana lakini ni myembamba. Ile ya ukingoni, iliyopakana na barabara, ni minene kuliko yote.

Kuna maneno mawili yananichanganya. Shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, anasema kila mti ni pesa, anayekata mti kabla haujakomaa anachoma noti. Halafu kuna dalali kutoka Arua anasema shamba linahitaji kupunguzwa, atalipunguza kwa watu wake na mafuta yake, na atanilipa shilingi 15,000 kwa mti. Sharti lake ni moja: achague miti mwenyewe.

Nauliza: kupunguza kunasaidia kweli au ni lugha ya wanunuzi? Na kwa miaka minane, nimeshachelewa?

Opio_Nebbi

Dada, huyo dalali usimkubalie sharti lake. Akichagua mwenyewe ataondoka na minene yote, wewe akuachie fito. Hayo mengine ngoja wataalamu, mimi kazi yangu ni mbao, sio shamba.

MzeeWaPaini

Binti, jibu umeshaliandika mwenyewe kwenye swali. Miti ya ukingoni ni minene kuliko ya ndani. Ilipandwa siku moja, udongo mmoja, mvua moja. Kilichotofautiana ni kwamba ya ukingoni ina upande mmoja usio na jirani. Urefu wa paini unatokana zaidi na udongo na mvua, kwa hiyo hata ikibanwa inaendelea kukimbilia juu. Unene ndio unaotaka nafasi. Na mbao hulipwa kwa unene. Mti mwembamba wa mita kumi na tano utakutolea mbao chache za inchi mbili kwa nne, basi. Mnunuzi wa kumi na mbili kwa moja hata hatashuka kwenye gari.

Mimi nimeongoza vikosi vya kupogoa na kupunguza tangu kijana, nimefanya Lendu hapo kwenu, nimefanya Nakasongola, nimefanya kwa watu binafsi ambao siwezi kuwahesabu. Mkulima wa Uganda hapendi kupunguza. Kupanda anapenda, kupalilia anavumilia, lakini ukimwambia akate mti uliosimama mzima anakuona mchawi. Namwelewa. Ila mama yake akipanda ulezi ukaota kwa fujo, anaung'olea bila kulia.

Ratiba ambayo wengi tulifundishwa enzi za SPGS, ule mpango wa ruzuku ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za Umoja wa Ulaya na Norwe, ni hii kwa ufupi. Unapanda mita tatu kwa tatu, yaani miti 1,111 kwa hekta. Mwaka wa nne au wa tano unashusha hadi kama 700. Mwaka wa nane au wa tisa unashusha tena hadi 400 na kitu. Baadaye inabaki 250 au 300, na hiyo ndiyo unayovuna kwa mbao nene ikifika miaka 18 au 20. Kwa hiyo umekosa zamu ya kwanza na sasa uko kwenye ya pili. Umechelewa, ndiyo, lakini shamba halijafa.

Hatari yako sasa ni pupa. Mtu akishaamini habari ya kupunguza anataka kuruka kutoka 1,100 hadi 400 kwa wiki moja. Miti yako ni myembamba na mirefu, imezoea kuegemeana. Upepo wa mvua za Machi ukiingia kwenye shamba lililofunguliwa ghafla, asubuhi utakuta imelala chini au imepinda kama upinde na haitanyooka tena. Shuka hadi 700 kwanza. Ipe miaka miwili inenepe shina na kutanua mizizi, ndipo ushuke hadi 400 na kitu.

Kabla ya kukata chochote, hesabu. Chukua kamba ya katani, sio ya nailoni maana inavutika, pima mita 11 na sentimita 28, funga fundo. Mtoto ashike ncha moja katikati ya shamba, wewe zunguka na ncha nyingine huku ukihesabu kila mti ulio ndani ya duara. Duara hilo ni mita za mraba 400, kwa hiyo kila mti uliouhesabu unasimama badala ya miti 25 kwa hekta. Ukipata 44, una 1,100. Unachotaka kubaki nacho ni 28. Fanya hivyo sehemu tatu au nne tofauti, usikae mahali pazuri tu.

Halafu uchaguzi. Hapa ndipo mashamba mengi huharibika, na ndipo dalali wako anapotaka kukaa. Usitie alama miti ya kukata. Tia alama miti ya kubaki. Ukitafuta ya kukata, jicho linakwenda kwenye mti mbaya ulio mbele yako na kusahau nafasi. Ukitafuta ya kubaki, unajiuliza swali moja kila hatua tatu nne: hapa, katika hii yote, nani namwachia mwanga? Mwachie ulionyooka, usio na panda, yaani shina halikugawanyika mbili, wenye kichwa cha kijani kizuri juu. Angalia sana hicho kichwa. Kama majani mabichi yamebaki chini ya theluthi ya urefu wa mti, huo ukiupa nafasi utachukua muda mrefu kuamka, pengine usiamke. Wa kuondoka ni wenye panda, waliopinda, waliovunjika ncha, wenye utomvu unaovuja kwenye shina, na vidhaifu vilivyofunikwa.

Kuna aina moja itakusumbua: mti mnene kuliko wote, lakini una matawi mazito kila upande na umewanyima majirani wanne. Shemeji yako atakuambia huo ndio bora. Mbao zake ni mafundo matupu. Huo mpe dalali na umtakie safari njema.

Ukimwachia achague mwenyewe ataondoa mizuri, na dhaifu uliobanwa miaka minane haugeuki kuwa bora kwa sababu tu bora ameondoka. Utalea mabaki miaka kumi mingine. Mwambie hivi: rangi naweka mimi, msumeno unaweka wewe, tunahesabu visiki pamoja, pesa inalipwa kabla gari halijaondoka. Andikeni mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Na mbao au nguzo zikitoka shambani zinahitaji kibali cha kusafirisha, kwa hiyo pita kwa afisa misitu wa wilaya mapema, usisubiri gari likamatwe njiani.

Kuhusu shemeji, usibishane naye sebuleni. Nenda naye na tepu ya fundi cherehani. Zungushia mti wa ukingoni kwa urefu wa kifua, mita 1.3 kutoka chini, kisha mti wa ndani. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mwache ashike tepu mwenyewe.

Opio_Nebbi

Naongeza moja la upande wangu. Hiyo ya kwanza inayotoka haina bei ya mbao, usije ukapiga hesabu kubwa. Inakwenda kama nguzo za kushikilia zege, fito, kuni za kuchoma matofali. Huku kwetu makambi ya wakimbizi ya Rhino na Imvepi yanakula kuni na miti ya kujengea. Ila usimwuzie mtu nguzo ya paini mbichi isiyotiwa dawa ukamwambia ni ya kudumu, mchwa watakutukanisha. Na magogo yasilale shambani. Paini ikikaa na ganda lake kwenye unyevu inaingia ubluu, ile rangi ya kuvu, na mnunuzi akiona ubluu anashusha bei hapo hapo.

MazingiraKla

Samahani, nitakuwa mkali kidogo. Nchi hii imepoteza misitu kila kona, na hapa wazee wanamfundisha binti kukata miti 400 kwa hekta kwa jina la afya ya msitu. Budongo nani aliupunguza? Umekaa maelfu ya miaka bila msumeno. Miti ikiachwa inajipanga yenyewe. Naona hii ni biashara iliyovaa kanzu.

MzeeWaPaini

Ndugu wa Kampala, ukali sio neno. Umesema jambo moja la kweli na moja ambalo sio.

La kweli: miti inajipunguza yenyewe. Hata shamba la binti likiachwa litajipunguza. Lakini angalia linavyofanya. Paini zote zina umri mmoja, urefu mmoja, hakuna aliye tayari kumpisha mwenzake. Zinabanana miaka na miaka, zote zinadhoofika pamoja, kisha dhaifu zinaanza kukauka zikiwa zimesimama. Mti uliokosa maji na mwanga hauna utomvu wa kutosha kujitetea, wadudu na kuvu huanzia hapo. Halafu una shamba limejaa miti mikavu, matawi makavu kuanzia chini hadi juu, na sindano kavu zimejaa chini. Kwetu West Nile kuanzia Desemba nyasi zinachomwa kila upande, wengine wanatafuta panya tu. Moto ukiingia kwenye shamba la namna hiyo unapanda hadi vileleni. Shamba lililopogolewa na kupunguzwa, moto ukiingia unapita chini na vijana wenye matawi mabichi wanaweza kuuzima. Kwa hiyo kwa shamba la kupandwa, sio biashara iliyovaa kanzu. Aliyepanda kwa mkono wake miti 1,111 mahali pamoja anadaiwa kazi iliyobaki.

Lisilo kweli: kwamba Budongo haujaguswa na msumeno. Mimi nilisoma Nyabyeya, chuo cha misitu kilichoko Masindi, na Budongo ndio ulikuwa darasa letu. Msitu ule umevunwa mikangazi kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita. Sehemu ambayo wavunaji hawakuigusa ilitengwa makusudi ili kuwe na mahali pa kulinganisha.

Na hapa nitakupa silaha dhidi yangu, kwa sababu naona unaihitaji. Kwenye miaka ya 1950 na 1960 maafisa misitu walijaribu kuufanya Budongo uwe kama shamba. Waliona muhimbi umetawala, mti mgumu unaovunja meno ya misumeno ya wakati ule, na chini ya kivuli chake mikangazi michanga haipati mwanga. Wakaamua kuwa muhimbi ni magugu. Mitini, yaani miti ya tini, nayo ikawa magugu, maana haina mbao. Wakaikata ganda na kuipaka sumu ya 2,4-D na 2,4,5-T ife ikiwa imesimama. Tembo pia walipigwa risasi kwa kuwa walikuwa wanavunja miche. Leo mtu yeyote anayefuata sokwe wa Budongo atakuambia wanaishi kwa nini: tini. Chakula cha msitu mzima wao walikiita magugu.

Sasa ukitaka kuwa mkweli, usiishie hapo. Sehemu zilizovunwa hazikugeuka jangwa. Watafiti walipohesabu wanyama miaka ya 1990 walikuta mbega na kima ni wengi zaidi kwenye sehemu zilizokatwa kuliko zile zisizoguswa, kwa sababu msitu mchanganyiko ulizaa matunda na majani laini mengi. Sokwe hawakuonyesha tofauti kubwa. Kwa hiyo hata jeraha la Budongo halisomeki kwa urahisi. Ninachokataa ni mtu kuchukua kamba yangu ya mita 11.28 na kuingia nayo msitu wa asili. Kule hakuna namba ya miti inayofaa kwa hekta. Kuna mti wa miaka mia mbili na mche wa jana vimesimama pamoja, na mti usio na bei sokoni unaweza kuwa ndio unaolisha nusu ya wakazi.

MtuWaToro

Mzee amesema Budongo, mimi nitasema Kibale, maana nimekulia kijiji cha jirani na nimebeba mizigo ya watafiti pale ujanani.

Kuna kipande wanakiita K-15, kilivunwa kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1960. Ungedhani baada ya miaka yote hii msitu umefunga. Haujafunga. Paa lilifunguliwa mno, jua likaingia, vikaota vichaka vya Acanthus, vile vyenye miiba, virefu kuliko mtu. Mche wa mti hauoni jua chini yake. Halafu tembo wanapenda kulisha pale, wanakanyaga na kuvunja kila mche unaojaribu kuinuka. Kipande jirani, K-30, hakikuvunwa, ukitembea ndani unaona mbali. Kufungua msitu wa asili kupita kiasi kunaufunga kwa njia nyingine.

Lakini pia kuna kitu kitamfurahisha Mzee. Ndani ya Kibale palikuwa na mashamba ya paini yaliyopandwa kwenye nyasi. Chini ya paini zile ilikuja kuota miti ya asili mingi, mbegu zimeletwa na ndege, popo na kima. Paini ziliua nyasi kwa kivuli chao, moto ukakosa cha kula, miti ya asili ikapata mwanya. Zilipokatwa, ilikuwa imeshajiandaa. Kwa hiyo hata paini, mti wa kigeni, inategemea imewekwa wapi na inaondolewa lini.

MazingiraKla

Hilo la mitini sikulijua. Nakubali kuna tofauti ya shamba na msitu. Wasiwasi wangu unabaki kwamba neno "kupunguza" litatumiwa na watu wanaoingia hifadhini usiku.

MzeeWaPaini

Wasiwasi huo nami ninao. Ndiyo maana ukinikuta popote nitakuuliza kwanza: nani aliweka rangi, na aliweka kwenye mti upi? Mwizi haweki rangi.

Atim_Gulu

Mzee, mimi sina paini, nina kalitusi. Nilikata mwaka jana kwa ajili ya nguzo, visiki vimechipua machipukizi mengi sana, mengine saba au nane kwa kisiki. Nako kunapunguzwa?

MzeeWaPaini

Kunapunguzwa, na huko ni rahisi zaidi. Yakifika mita tatu au nne, acha mawili kwa kisiki, yaliyoshika vizuri karibu na udongo, na upande upepo unapotokea ikiwezekana. Chipukizi lililoota juu juu kwenye ganda linang'oka likinenepa. Yakifika mita saba au nane acha moja, isipokuwa pale ambapo kisiki jirani kilikufa, hapo unaweza kuacha mawili. Tumia msumeno mdogo, panga linapasua kisiki. Na machipukizi uliyokata usiyatupe, hizo ni fito za nyumba.

Hata porini kwenu Acholi, vile visiki vya miti ya asili mnavyovilima kila mwaka vikichipua, ukichagua chipukizi moja au mawili ukayapogoa na kuyalinda dhidi ya moto na mbuzi, unapata mti bila kununua mche. Mizizi tayari iko chini miaka mingi.

BintiPaidha

Nimerudi na namba. Tulizungusha kamba sehemu tatu: 43, 39 na 41. Wastani 41, yaani 1,025 kwa hekta kama nimeelewa. Kwa hiyo kila duara linatoa kama 13. Duara la pili lina sita zenye panda, sikuwahi kuziona kabla, maana sikuwahi kutazama juu.

Tepu nilimpa shemeji. Wa ukingoni sentimita 82 kuzunguka, wa ndani 49. Alipima tena wa ndani, akahamia mwingine, akapima huo pia. Hakusema kitu hadi tulipofika nyumbani, ndipo akauliza msumeno wa dalali unakuja lini.

Dalali amenuna kidogo lakini amekubali sisi tuweke rangi, ila bei ameshusha hadi 9,000. Tatizo jipya: shemeji anasema kopo la rangi atashika yeye, sio mimi. Na je, tukate sasa au tungoje?

MzeeWaPaini

82 ni kama sentimita 26 za kipenyo, 49 ni karibu 16. Tofauti ya sentimita kumi kwa miti iliyopandwa siku moja. Hiyo 9,000 ni ya haki kwa miti mnayoitoa sasa, msigombane naye.

Kateni mvua zikishaanza, sio sasa. Matawi yatakayoanguka yakikuta kiangazi yatakuwa petroli shambani. Mvua ikiwepo yanalala, yanaoza, yanakuwa mbolea. Wakate matawi vipande vifupi yagusane na ardhi, na ukanda wa mita kumi kuzunguka shamba lote uwe safi bila tawi hata moja. Visiki viwe vifupi. Mti ukinasa kwenye mwenzake mtu asipite chini yake, na asikate ule uliounasa, bali mti uliokatwa ndio uvutwe kwa kamba kutoka nyuma. Na mwambie fundi wa msumeno mapema: akichubua ganda la mti wenye rangi, bei ya mti huo inakatwa kwenye malipo yake.

Kopo mwache shemeji ashike. Wewe tembea mbele ukionyesha mti, yeye apake. Rangi iwe ya mafuta, nyeupe, ya maji itaoshwa kabla dalali hajafika. Apake pete kuzunguka shina lote, sio doa upande mmoja, ili mwenye msumeno aione akitokea popote.